Goma: Kushukuru kila siku bila kuficha machungu

Mtu akimuuliza jirani yake mjini Goma ameamkaje, jibu huja haraka: "Tunashukuru Mungu." Anayejibu anaweza kuwa hajala tangu jana mchana. Anaweza kuwa na ndugu ambaye hajasikika kwa miezi. Jibu halibadiliki, na anayeuliza anajua kwamba bado hajaambiwa habari yenyewe. Hiyo huja baadaye kidogo, mara nyingi baada ya neno "lakini".

Mgeni huichukulia kuwa ni adabu ya salamu tu. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 sasa watafiti wa saikolojia katika vyuo vikuu vya Marekani na kwingineko wamekuwa wakipima jambo linalofanana nayo: mtu akijizoeza kutaja mambo mema yaliyompata, je, hali yake ya moyo inabadilika? Majibu yao yamegeuka kuwa ushauri unaosambaa kwenye vitabu, redioni na kwenye simu. Chukua daftari, andika mambo matatu kila usiku, utakuwa na furaha.

Ushauri huo unapofika Kivu Kaskazini hukutana na swali gumu. Mtu aliyehama mara nne anaambiwa ashukuru nini, na amshukuru nani?

Mji unaoanza upya kila mara

Goma imejengwa juu ya lava, na hilo linaonekana kwa macho: kuta za mawe meusi, barabara za kokoto nyeusi, nyumba za mbao zilizosimama juu ya mwamba usiochimbika kirahisi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo, iliyo kilomita zipatazo 20 kaskazini, ilipasuka ubavuni. Lava iliteremka hadi katikati ya mji, ikafukia sehemu ya uwanja wa ndege, maduka na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha ikaingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi nchini Rwanda. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makazi. Siku chache baadaye wengi walikuwa wamesharudi, wakitembea juu ya mawe yaliyokuwa bado ya moto, wakitafuta mahali zilipokuwa nyumba zao.

Mlima ulilipuka tena jioni ya Mei 22, 2021. Safari hiyo lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, kabla ya kufika katikati, lakini iliteketeza vijiji vya wilaya ya Nyiragongo na watu wapatao 30 walipoteza maisha. Siku tano baadaye, kwa hofu ya mlipuko mwingine, viongozi waliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe mara moja. Barabara ya Sake ilijaa magodoro, mbuzi, watoto na pikipiki.

Vita navyo havikungoja zamu. Waasi wa M23 waliuteka mji Novemba 2012 wakakaa siku chache, na waliuteka tena mwishoni mwa Januari 2025. Mapema Februari mwaka huo Umoja wa Mataifa ulisema miili isiyopungua 2,900 ilikuwa imezikwa au iko katika vyumba vya maiti. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji, kama Bulengo na Lushagala, zikabaki tupu ndani ya siku chache baada ya watu kuambiwa warudi makwao, hata wale ambao makwao hapakuwa tena na nyumba.

Huo ndio mji unaosema "tunashukuru" kila asubuhi. Ni vyema kuukumbuka kabla ya kufungua daftari la mtu yeyote.

Watafiti walipata nini hasa?

Utafiti unaotajwa kuliko mwingine ni wa Robert Emmons wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na Michael McCullough, uliochapishwa mwaka 2003. Waligawa watu katika makundi. Kundi moja liliandika mambo ya kushukuru, jingine likaandika kero, na mengine yakaandika matukio ya kawaida au kujilinganisha na watu wengine. Walioandika shukrani walionekana kuyatazama maisha yao kwa wema zaidi kuliko walioandika kero. Katika sehemu moja ya utafiti huo walishirikishwa watu wazima wenye magonjwa ya mishipa ya fahamu na misuli, ambao hali yao haikuwa ya kupona kwa kuandika. Baada ya siku 21, walioandika shukrani walisema wana matumaini zaidi na wanalala vizuri zaidi, na watu wanaoishi nao pia waliona tofauti.

Miaka miwili baadaye Martin Seligman na wenzake walichapisha majaribio mawili ambayo ushauri mwingi wa leo umetoka humo. La kwanza ni kuandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri pamoja na sababu ya kila moja kutokea. La pili ni kumwandikia barua mtu ambaye hukuwahi kumshukuru ipasavyo, kisha kuipeleka mwenyewe mkononi. Barua ilileta furaha kubwa zaidi kwa haraka, lakini ikafifia baada ya mwezi hivi. Mambo matatu yalianza polepole, na athari yake ilikuwa bado inaonekana miezi sita baadaye, hasa kwa watu walioendelea na zoezi hilo wenyewe bila kuambiwa.

Hapo ndipo wauza vitabu huishia. Utafiti wenyewe haukuishia hapo. David Cregg na Jennifer Cheavens wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 3,600 na kuangalia kama mazoezi ya shukrani yanapunguza huzuni kubwa na wasiwasi. Jibu lao: yanapunguza, lakini kidogo, na mtu mwenye dalili hizo anastahili kutafuta tiba iliyothibitishwa badala ya kutegemea daftari. Watafiti wengine, wakiongozwa na Kristin Layous, walilinganisha Wamarekani na Wakorea Kusini mwaka 2013 na kukuta kwamba Wakorea hawakunufaika na barua za shukrani kama Wamarekani. Maelezo waliyotoa yanafaa kusikilizwa Goma: kwa watu wa baadhi ya jamii, kukumbuka wema uliotendewa huamsha pia hisia ya deni.

"Aksanti" na mtu aliyetenda

Goma husema "aksanti" pale ambapo Dar es Salaam husema "asante". Neno ni lilelile, limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kumwambia mtu kwamba ametenda vyema. Wanaozungumza Kinyarwanda mjini humo husema "murakoze", neno lililojengwa juu ya kitenzi cha kutenda na kufanya kazi. Lugha hizo mbili zimefika mahali pamoja: anayeshukuru anataja tendo, na tendo lina mwenyewe.

Hili ndilo linalopotea katika ushauri wa daftari unaotafsiriwa kutoka mbali. Orodha za kwenye mitandao hujaa vitu: kahawa nzuri, machweo ya jua, afya, nyumba. Mtu anayelala kwenye hema ataandika nini kwenye orodha ya namna hiyo? Lakini mwulize nani alimsaidia, na majina yanaanza kutoka.

Mei 2021 ni mfano mzuri. Maelfu kwa maelfu ya watu walioondoka Goma kwa amri ya usiku mmoja walifika Sake na Minova bila mahali pa kulala. Wengine walilala makanisani na madarasani. Wengi walipokelewa na familia ambazo nazo hazikuwa na cha ziada: chumba kimoja kikawa cha watu 12, sufuria moja ikapika mara mbili, maji ya kidumu kimoja yakagawanywa. Mashirika ya misaada huziita familia za mapokezi na huziwekea safu yake katika ripoti. Kwa aliyepokelewa, familia hiyo ina jina, ina mama aliyesogeza watoto wake ili wa mgeni wapate mkeka.

Kumbukumbu za namna hiyo zimejaa mjini humo, na nyingine ni za kila siku kiasi kwamba hazionekani. Pembezoni mwa Ziwa Kivu, kwenye sehemu ambako watu huchota maji, wahudumu husimama na bomba la sindano wakitia klorini katika kila kidumu cha lita 20 kinachopita. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipokusanyika Goma na kandokando yake, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu kwa muda wa wiki chache. Kila matone yale ya klorini yanaposhuka kwenye kidumu, kuna mtoto ambaye hataugua. Hakuna anayeweza kumwonyesha kwa kidole, na labda ndiyo maana mhudumu huyo hupata "aksanti" chache.

Ama mvuta chukudu, lile baiskeli la mbao lisilo na kanyagio ambalo Goma imelijengea sanamu katikati ya mji. Kuteremka na viazi kutoka vilimani ni kazi ya mwendeshaji mwenyewe. Kupanda mlima na mzigo kunataka mtu wa kusukuma nyuma. Aliye mbele hamwoni anayesukuma, lakini anajua kabisa pale anapoacha.

Kuhusu deni lililowasumbua Wakorea, Goma ina njia yake. Katika likelemba, kikundi ambacho kila mwanachama huchanga na kupokea kwa zamu, kupokea leo ni ahadi ya kutoa kesho. Deni linajulikana, lina tarehe, na halimdhalilishi mtu. Shukrani nyingi za mtaani hufuata mwendo huohuo: aliyepewa makala ya kuwashia moto leo atapeleka sombe wiki ijayo, na hakuna anayeandika popote.

Shukrani inapotumiwa kama kifuniko

Kuna upande wa pili ambao mkazi yeyote wa Goma anaujua, na ushauri wa furaha huupita haraka. Mtu akilalamika, anaambiwa: shukuru, wenzako wamekufa. Mjane akiuliza kuhusu haki ya mumewe, anaambiwa: shukuru umebaki na watoto. Maneno hayo hutoka kwa watu wenye nia njema, kanisani, kilioni, hata nyumbani. Athari yake ni kumfunga mtu mdomo.

Mlipuko wa 2021 unaonyesha hatari hiyo. Lava iliposimama kabla ya kufika katikati ya mji, kushukuru kulikuwa ni jambo la haki. Lakini pia wakazi hawakupewa tahadhari kabla ya jioni ile. Mradi uliofadhiliwa kupitia Benki ya Dunia kuisaidia Taasisi ya Volkano ya Goma ulikuwa umemalizika mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa wanasayansi wake walikosa hata intaneti ya kupokea takwimu kutoka kwenye vipimo vya mlimani. Mtu anaweza kupiga magoti kwa kuwa amepona, kisha akainuka na kuuliza kwa nini mji wenye wakazi zaidi ya milioni moja chini ya volkano hai uliachwa bila macho. Hayo mawili hayapingani. Kinachopingana na swali hilo ni kuambiwa kwamba kuliuliza ni utovu wa shukrani.

Watu wa mashariki mwa Congo wamechoka pia kusifiwa kwa ustahimilivu wao. Sifa hiyo ina utamu kwa anayeitoa, kwa sababu haimdai chochote.

Na kuna majeraha ambayo orodha ya mambo matatu haiwezi kuyagusa. Mwaka 2013 Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji vya mashariki mwa Congo, kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Wahudumu wa kijamii Wakongomani walifundishwa kuendesha tiba ya mazungumzo kwa vikundi, tiba inayomsaidia mtu kuchunguza fikra zinazomtesa baada ya tukio, kama vile kujilaumu. Vijiji vingine vilipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya wanawake waliokuwa katika vikundi ndio waliokuwa bado na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi, dhidi ya asilimia 42 katika vijiji vingine. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuliko chochote kilichowahi kupatikana kwa kuandika shukrani. Asiyelala usiku kwa kuona tena aliyoyaona, anayeshtuka kila mlango unapogongwa, anayewaza kujidhuru, anahitaji kufikishwa kwa mhudumu wa afya ya akili. Kumwambia ahesabu baraka ni kumchelewesha.

Kuanza, kwa mtu wa Goma

Kwa yule ambaye hali yake inaruhusu, mazoea haya yana faida ndogo lakini ya kweli, na hayagharimu kitu. Ugumu uko katika kuyafanya yadumu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, kama kula tunda au kunywa maji kwa saa maalumu. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuwa la kujiendea lenyewe, ingawa kwa wengine lilichukua siku 18 tu na kwa wengine makadirio yalipita 250. Kilichosaidia ni kulifunga jambo jipya kwenye jambo la kila siku. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Siku za Goma zina vishikio vingi vya namna hiyo hata pale ambapo ratiba imevurugika: foleni ya maji, kuwasha moto wa jioni, kungoja sombe iive, kufunga kibanda sokoni Virunga, kuzima pikipiki baada ya abiria wa mwisho. Mama anayekaa jikoni na watoto hana haja ya daftari. Anaweza kuuliza kila mmoja: leo nani alikusaidia, na alifanya nini? Swali la pili ndilo lenye uzito. Mtoto akijibu "Mungu", aachwe, amejibu. Kisha aulizwe ni nani aliyembebea begi. Katika majaribio ya Seligman pia, washiriki walitakiwa kueleza kwa nini jambo jema lilitokea. Jibu la jumla huchosha haraka, na baada ya wiki mbili watoto watakuwa wanarudia maneno yaleyale kama wimbo wa shule.

Wala si lazima iwe kila jioni. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliwahi kukuta kwamba waliohesabu mambo mema mara moja kwa wiki walinufaika, huku waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki wakikosa faida hiyo. Kuna siku ambazo familia haina la kutaja, au ambazo kutaja kungekuwa uongo. Siku ya msiba, siku ya risasi, moto unaweza kuwashwa kimya, na yule anayetaka kulalamika apewe nafasi ya kulalamika hadi amalize. "Lakini" ya salamu ya asubuhi iwe na mahali pake jioni.

Sehemu iliyo ngumu zaidi kwa wengi ni ile ya barua: kumfikishia mwenyewe. Watu wa Goma hushukuru hadharani kwa urahisi, kwenye ibada ya shukrani, kwenye ushuhuda, mbele ya kusanyiko. Kumwambia jirani ana kwa ana kwamba siku fulani ulinifanyia hivi nami sijasahau, hilo huleta haya kidogo. Barua yenyewe inaweza kuwa ujumbe mfupi wa simu, au sauti iliyorekodiwa kwa asiyesoma. Iwe na tendo, iwe na siku, isiwe na ombi ndani yake. Hili la mwisho ni muhimu katika mji ambao ujumbe mwingi unaoanza na salamu ndefu huishia kwenye kuomba hela.

Wengi waliolala Minova mwaka 2021 waliondoka asubuhi wakiwa na namba ya simu ya wenyeji wao. Minova nayo ilitekwa Januari 2025, siku chache kabla ya Goma, na safari hii waliobeba magodoro barabarani walikuwa watu wake. Anayetaka kumshukuru mwenyeji wake wa wakati ule huenda akapiga namba isiyopatikana tena. Itabidi aulize madereva, wavuvi na wafanyabiashara wanaopita ziwani, akitaja jina la mama mwenye nyumba na mahali nyumba ilipokuwa. Huenda pia akaambiwa kwamba mama huyo yuko hapohapo Goma, mtaa wa pili, anatafuta pa kulala.